Paa Moja, Maandishi Mawili

Katika sebule nyingi za Kocholia, eneo la Wateso magharibi mwa Kenya, kuanzia Amagoro hadi vichochoro vya Malaba na kuteremka kusini mpaka Busia, hutundikwa ukutani picha kubwa ya karatasi inayong'aa, yenye aya ya Biblia iliyochapwa juu ya mandhari ya mbali: nyumba ya kijijini Uingereza yenye kuta zilizopakwa chokaa, bustani ya maua mbele yake, kijito kando, na juu ya yote paa nene la nyasi ambalo kingo zake zimekatwa kwa unadhifu kama nywele zilizotoka sasa hivi kwa kinyozi. Picha hiyo huning'inia chini ya paa la mabati. Aliyeinunua kwa mchuuzi wa stendi pengine alizaliwa chini ya paa la nyasi, akahangaika miaka mingi ili aliondoe, na siku msumari wa mwisho ulipopigiliwa kwenye bati majirani wakaja kumpa hongera. Kisha, bila kuona mgongano wowote, akazitafutia nyasi za Waingereza mahali pa heshima ukutani. Hana la kuchekwa. Linalostahili kutafakariwa ni namna kitu kilekile, yaani mmea uliokatwa, ukaanikwa na kufungwa kwenye fito ili mvua isipenye, kilivyogeuka kuwa uzuri ndani ya fremu na ufukara nje ya dirisha.

Jibu la haraka lingekuwa kwamba Waingereza wanajua kupenda vya kwao, na kwamba mcheza kwao hutunzwa. Jibu hilo lina ukweli wake, ila historia ya picha zenyewe ina kona zaidi. Negativu ya kale kuliko zote zilizosalia duniani, yaani karatasi ya kwanza ya picha ambamo palipo na mwanga huonekana giza na palipo na giza huonekana mwanga, ilitengenezwa mwezi Agosti 1835 na William Henry Fox Talbot katika jumba lake la Lacock Abbey, wilayani Wiltshire. Alichopiga ni dirisha la nyumba yake mwenyewe, tena kutokea ndani. Waswahili husema nyumba usiyolala ndani hujui hila yake; Talbot alilala humo, na huenda ndiyo sababu kipande kile kidogo cha karatasi, kilichofifia kiasi cha kuhitaji macho ya subira, hakina fahari ya kitu kinachotaka kusifiwa. Ni dirisha tu, pamoja na mwanga wake.

Baada yake walikuja watu waliotaka kuikusanya nchi nzima. Francis Frith alijipatia jina kwanza kwa picha za Misri na Palestina alizopiga katika miaka ya 1850, ndipo akarudi kwao, akafungua kampuni mjini Reigate na kuazimia kupiga picha za kila mji na kila kijiji cha Uingereza, zikauzwa madukani na baadaye kwenye kadi za posta. Jicho lililozoea kuangalia ugeni wa Mto Nili likajifunza kuangalia kisima cha kijiji na duka la mwoka mikate. Kisha ikaja hofu. Mwaka 1940, mabomu ya Ujerumani yalipoanza kuangukia miji, na usiku wa tarehe 14 Novemba mwaka huo kanisa kuu la Coventry likateketea, wapenzi wa majengo waliona kwamba mengi yangetoweka bila hata kuchorwa, wakaanzisha taasisi iliyoitwa National Buildings Record, ambayo kazi yake ilikuwa kukusanya picha zilizopo na kupiga mpya kabla bomu halijafika. Mkusanyo huo ndio msingi wa hifadhi iliyoko leo mjini Swindon, chini ya taasisi ya Historic England, yenye picha, michoro na nyaraka zaidi ya milioni 12. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1947 nayo ikaleta orodha ya majengo yasiyoruhusiwa kubomolewa wala kugeuzwa ovyo, na orodha hiyo leo ina maingizo zaidi ya 370,000, yakiwemo mengi ya nyumba za nyasi.

Ukiichukua picha moja ya namna hiyo na kuikaribia, utaona kwamba nyumba yenyewe si yote yaliyomo. Kuna mtoto aliyegeuka ukungu kwa sababu alikimbia wakati kamera za zamani zilihitaji mtu atulie. Kuna nguo kwenye kamba. Kuna mwanamke mlangoni ambaye mkono wake mmoja umejifunga kwenye aproni, kana kwamba aliitwa kutoka kwenye unga. Chini yake yameandikwa maelezo: jina la kijiji, jina la barabara, pengine jina la nyumba, na mwaka. Jina la mwanamke huyo kwa kawaida halimo, na jina la fundi aliyeezeka paa halimo kabisa. Hata hivyo picha inatoa anwani, na anwani ni namna ya kukiri kwamba mahali hapa ni hapa tu, hapafanani na pengine, na kwamba mtu anaweza kwenda akagonga mlango.

Kamera iliyofika upande huu wa Mlima Elgon ilikuja na maandishi ya aina nyingine. Hadi Aprili 1902 nchi hii yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, na makao ya utawala yalikuwa Mumias, kwa Nabongo Mumia, ambako C. W. Hobley aliwekwa kuwa mwakilishi wa serikali tangu katikati ya miaka ya 1890. Mwaka huohuo wa 1902 Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uganda, alichapisha London kitabu cha juzuu mbili kuhusu nchi hiyo, kilichojaa picha za watu, wanyama, mimea na nyumba, zikipangwa kwa utaratibu uleule. Mtu wa eneo hili anayekifungua hukuta nyuso zinazofanana na za shangazi na wajomba zake, lakini chini yake maelezo hayasemi kijiji wala ukoo. Yanasema kabila, au yanasema Kavirondo, jina la jumla ambalo watawala walilitandaza juu ya Waluhya na Wajaluo kwa pamoja, na ambalo wenyewe hawakuwa wakijiita. Nyumba ya nyasi iliyoko nyuma yao nayo haina mwenyewe. Ni mfano wa nyumba. Kama picha ya Kiingereza ilitoa anwani, picha hii ilitoa aina, na aina haiwezi kubishiwa hodi.

Reli nayo ilikuwa na mpiga picha wake rasmi, William D. Young, aliyeifuata tangu pwani. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, daraja, kituo na nguzo za chuma vilikuwa vimepata picha za kutosha kujaza albamu. Ilipojengwa njia ya pili kupitia Eldoret, ikapita Malaba kwenda Tororo na hatimaye kuingia Kampala mwaka 1931, majengo ya Kiingereza yalikuwa yameenea kandokando yake: nyumba za mastesheni masta zenye varanda, ofisi za mawe, bohari za mabati. Katika picha nyingi za enzi hizo, ambazo sehemu yake ilitoka kwenye makabati ya Wizara ya Makoloni na kuwekwa mtandaoni na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza mwaka 2011, jengo ndilo lenye jina na watu waliosimama mbele yake ndio wanaoonyesha ukubwa wake, mfano wa rula iliyowekwa kando ya kitu kinachopimwa.

Si kwamba serikali haikuzitazama nyumba za wenyeji. Ilizitazama sana, ila kwa daftari. Kanuni za kodi ya nyumba zilipoanza kutumika katika Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1901, nayo nchi hii ikahamishiwa humo mwaka uliofuata, karani alipita mji kwa mji akihesabu vipaa vya nyasi, kwa kuwa kila kipaa kilikuwa rupia; na hapana shaka kwamba daftari hilo liliujua mji wa Mteso kwa uhakika kuliko picha yoyote. Baadaye, kuanzia mwaka 1920, wanaume walivishwa kipande, yaani hati ya kazi iliyowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni, iliyobeba alama za vidole badala ya sura. Kwa hiyo mtu wa Angurai, hapahapa kwa Wateso, wa mwaka 1925 angeweza kuwa na sura isiyo na jina kwenye albamu iliyoko London, na jina lisilo na sura kwenye kikopo kilichoko kifuani pake, na viwili hivyo visikutane kamwe.

Hapo ndipo hoja ya kirahisi, ile ya kwamba Mwingereza alijipenda na kutudharau, inapoanza kuyumba, kwa sababu Waingereza wenyewe hawakuwa watu wamoja mbele ya kamera. Mwaka 1937 Tom Harrisson, aliyekuwa ametoka kuishi na kuandika habari za watu wa kisiwa cha Malekula katika Pasifiki, alishirikiana na wenzake kuanzisha mradi ulioitwa Mass Observation, ambao nia yake ilikuwa kuwachunguza Waingereza wa kawaida kwa jicho lilelile lililotumika kuwachunguza watu wa visiwani. Mji uliochaguliwa ulikuwa Bolton, mji wa viwanda vya nguo, na mpiga picha Humphrey Spender alitumwa kwenye mitaa, makanisa, sokoni na hasa kwenye baa, akificha kamera chini ya koti. Wafanyakazi wale walipigwa bila kuulizwa. Macho hayana pazia, lakini kwa kawaida mwenye kutazamwa ana haki ya kumtazama mtazamaji, na haki hiyo ndiyo koti la Spender lilimnyima mfumaji wa Bolton, kama walivyokuwa wamenyimwa watu wa Elgon kabla yake. Picha zake leo ni hazina. Kofia zilizowekwa mezani, glasi zilizoshikwa kifuani, wazee wanaocheza domino huku mmoja akiangalia pembeni kwa mashaka. Ni vigumu kuzitazama bila kuzipenda, na ni vigumu kuzipenda bila kukumbuka lile koti.

Picha hizo za baa zinaalika nyingine iliyo karibu. Kileo cha Wateso, ajon, hutengenezwa kwa wimbi lililochachushwa, huwekwa kwenye chungu kimoja katikati, huongezwa maji ya moto kidogo kidogo, na wanywaji hukizunguka wakivuta kwa mirija mirefu inayoweza kuzidi urefu wa mtu. Kwa kamera, tukio hilo ni kama limepangwa makusudi: duara la watu, mistari ya mirija inayokutana mahali pamoja, mvuke, nyuso zilizoinama kidogo. Kila mgeni aliyepita hapa akiwa na kamera alilipenda. Lakini asichoweza kukinasa ni adabu zake, kwa maana kuna utaratibu wa nani aketi wapi, mkwe akae mbali na nani, mrija ushikwe kwa mkono upi na upokezwe vipi. Na anayetaka kuyajua hayo sharti aketi. Ivan Karp, mwanaanthropolojia Mmarekani, aliketi. Kitabu chake kuhusu Wateso wa Kenya kilitoka mwaka 1978, na makala yake ya mwaka 1980 kuhusu unywaji wa pombe ilisoma duara lile kama mtu asomavyo maandishi. Lililo la kushangaza kidogo, na linaloleta raha, ni kwamba mtu huyuhuyu baadaye aligeukia makumbusho, akahariri pamoja na Steven Lavine kitabu cha mwaka 1991 juu ya namna tamaduni zinavyoonyeshwa kwa watazamaji na nani mwenye mamlaka ya kuzieleza. Haitakuwa kumsingizia mtu kudhani kwamba chungu cha Teso kilimfundisha sehemu ya swali hilo.

Nyasi nazo zina siri ambayo picha hushindwa kuitoa. Fundi wa kuezeka huanza chini, kwenye ukingo wa paa, akifunga mganda kando ya mganda na kupanda juu safu kwa safu, ili kila safu ifunike kamba za safu iliyotangulia. Mteremko hufanywa mkali ili maji yakimbie kabla hayajazama, na moshi wa jikoni hufanya kazi ya kufukuza wadudu kutokea ndani. Kanuni za kufunga miganda na za mteremko ni zilezile Wiltshire na Angurai. Tofauti ni umri: tete la majini la Uingereza, likiezekwa vizuri, huweza kukaa miaka 40 na zaidi, wakati nyasi za mbugani huku huhitaji kubadilishwa baada ya miaka michache. Nyumba ya Kiteso kwa hiyo haikujengwa idumu, ilijengwa irudiwe. Kumbukumbu yake haikukaa kwenye jengo bali kwenye mikono iliyolirudia, na kijana aliyemsaidia mjomba wake kurusha miganda juu alikuwa, kwa lugha ya leo, akinakili waraka. Kamera, ambayo sifa yake ni kusimamisha, ilikuja kusimamisha kitu ambacho uhai wake ulikuwa katika kutosimama, na ndiyo maana nyumba zile katika albamu za zamani mara nyingi huonekana zimechoka: zilipigwa picha mwaka wao wa mwisho, na mpiga picha hakungoja mwaka uliofuata.

Inafaa pia kukumbuka kwamba paa la nyasi halikupendwa Uingereza siku zote. Karne ya 19 nyumba nyingi za namna hiyo zilikuwa za vibarua wa mashamba, zenye unyevu, panya na watoto wanaokohoa, na kila aliyepata nafuu aliweka vigae au mawe bapa. Nyasi zilipata heshima zilipokuwa zimepungua, na wenye fedha wa mjini wakaanza kuzinunua nyumba zile kwa ajili ya mapumziko. Mabati, kwa upande mwingine, yale yanayohesabiwa Kocholia kuwa alama ya maendeleo na ambayo hata fomu ya sensa huyauliza kwa makini, ni uvumbuzi wa London: hataza yake ilitolewa mwaka 1829 kwa Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya mji huo, aliyegundua kwamba karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa mawimbi hupata nguvu ya kujibeba yenyewe. Kwa hiyo ile sebule yenye picha ukutani imebadilishana vitu na Uingereza kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga: paa la Kiingereza liko juu na hakuna anayelitambua kuwa la Kiingereza, na paa linalofanana na la babu liko ndani ya fremu, limeshapewa utaifa mwingine.

Kilomita chache kutoka Malaba, katika mwamba wa Kakapel, kuna picha ambazo hazina maelezo yoyote. Ni michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, miduara iliyomo ndani ya miduara pamoja na ng'ombe wenye pembe, iliyochorwa kwa nyakati tofauti na watu tofauti juu ya jiwe lilelile, wengine wakipaka juu ya kazi ya waliowatangulia. Sehemu hiyo sasa ni mnara wa taifa chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Wachimbaji wa mambo ya kale walichuja udongo wa chini yake, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kunde za takriban miaka 2,300 iliyopita na wimbi la angalau miaka 1,000. Wimbi ndilo la ajon. Mtu anayesimama mbele ya miduara ile anaweza kukasirika kwamba hakuna aliyeandika maana yake, au anaweza kuona nafuu kwamba hakuna aliyewahi kuiandikia maana isiyo yake.

Mpaka wenyewe, ambao ndio maisha ya kila siku ya hapa, una uhusiano wa ajabu na kamera. Hapa ndipo baiskeli zilipoanza kubeba abiria kati ya lango moja na jingine, hadi bodaboda zikaenea Afrika Mashariki nzima. Hapa ndipo foleni ya malori huenda kilomita baada ya kilomita, ndipo wanawake hupita na trei za mayai, na wabadilishaji fedha husimama na mabunda ya shilingi za nchi mbili mkononi. Kama kuna mahali panapostahili kupigwa picha kwa ile subira ya National Buildings Record, kibanda kwa kibanda, ni hapa, maana hapa mambo hubadilika usiku mmoja: kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilipozinduliwa Februari 2018, kazi za watu wengi waliokuwa wakijaza fomu na kuongoza wageni kutoka dirisha hadi dirisha zilibadilika, na vibanda vyao pia. Lakini maeneo ya forodha mara nyingi ndiyo yenye kibao cha kukataza kupiga picha, wakati kamera ya serikali iliyo juu ya kaunta inampiga kila msafiri uso kwa uso. Picha zipo basi, kwa maelfu, zina majina na tarehe na namba za pasipoti. Ni picha za watu wasio na mahali nyuma yao, ukuta mweupe tu.

Nyasi, wakati huohuo, zimerudi kwa mlango wa pili. Wenye hoteli na sehemu za nyama choma, Kocholia kama kwingineko Kenya, hujenga vibanda vya duara vya kuezekwa kwa sababu wateja hupenda ubaridi wake na, zaidi, hupenda kupigia picha hapo. Nyasi zenyewe haziokotwi tena popote, kwa kuwa malisho mengi yamekuwa mashamba ya miwa na tumbaku, hivyo hununuliwa kwa mganda, na fundi hutafutwa kwa simu miongoni mwa wazee waliobaki. Jumapili jioni vijana waliovaa vizuri husimama chini ya ukingo wa paa lile, mmoja ananyoosha mkono wenye simu, wengine wanasogeleana. Simu hiyo huandika ndani ya picha, bila kuambiwa, saa na dakika, tarehe, na hata nukta ya ramani waliposimama, yaani yote ambayo kitabu cha Johnston kilishindwa kuwapa babu zao. Vijana wenyewe huongeza majina yao. Jina la fundi aliyeezeka halimo, ingawa namba yake iko kwenye simu ya mwenye hoteli, kaunta ya tatu kutoka hapo.